Sura ya Tano: Mbona Stesheni Wameiweka Huku?

Abiria anayeshuka kwenye treni ya umeme Morogoro hupokelewa na jengo pana, sakafu inayong'aa na ngazi zinazojiendesha zenyewe. Akitoka nje, cha kwanza anachoulizia ni nauli ya bajaji hadi mjini. Bei akishaijua, linamtoka swali ambalo karibu kila mgeni analo: "Mbona stesheni wameiweka huku?"

Swali hilo haliulizwi Morogoro peke yake. Mombasa wanaliuliza wanaoshuka Miritini, na Nairobi wanaliuliza wanaoshuka Syokimau. Wote wanajua kwamba mji wao una stesheni nyingine, ya zamani, iliyo jirani na maduka, ofisi na soko. Iweje watu wa zaidi ya miaka 100 iliyopita, waliojenga kwa sururu na koleo, waliifikisha treni mjini, na sisi wenye mitambo ya kisasa tumeiacha pembeni?

Katika sura hii tutaufuatilia mji mmoja, Morogoro, kwa sababu una kila kitu tunachohitaji ili kulielewa jambo hili: reli ya zamani, reli mpya, milima inayolisha Dar es Salaam, na soko linaloamka kabla ya jua. Tutaona kwamba stesheni mpya ina sababu nzito za kukaa ilipo. Tutaona pia kwamba sababu hizo haziupi mji ruhusa ya kukaa kimya.

Mji ulioitangulia reli

Wako wanaodhani Morogoro ilizaliwa na reli. Ukweli ni kwamba biashara ilikuwepo hapa kabla ya chuma cha kwanza kulazwa. Misafara iliyotoka pwani, hasa Bagamoyo, kwenda bara ilipita chini ya milima ya Uluguru. Katika karne ya 19 palikuwa na mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo, na baada yake ukatawaliwa na binti yake, Simba Mwene. Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone.

Misafara ilipumzika hapa kwa sababu mbili zilizo wazi, maji na chakula. Milima ya Uluguru hukamata mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, mvua hunyesha, mito hutiririka, na mashamba ya miinuko huzaa karibu mwaka mzima. Mpagazi aliyekata mbuga akiwa na mzigo kichwani alijua kwamba hapa atakunywa, atakula na atanunua akiba ya safari.

Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, iliifuata njia ambayo miguu ya watu ilikuwa imeshaichagua. Kazi ilikabidhiwa kampuni ya Philipp Holzmann, na jasho lilikuwa la Waafrika. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Lengo la wenye koloni lilikuwa kusafirisha askari wao na kutoa mazao, mkonge na pamba, hadi bandarini. Hata hivyo, wenyeji waliigeuza iwe yao. Palipo na treni inayosimama pana watu wenye njaa, na palipo na watu wenye njaa mama mwenye ndizi hakosi mteja.

Stesheni ya zamani ilichaguaje mahali pake?

Treni za mwanzo ziliendeshwa kwa mvuke. Kichwa cha treni, yaani injini inayovuta mabehewa, kilichemsha maji kwenye tangi kubwa kwa moto wa kuni au makaa, na mvuke wake ndio uliosukuma magurudumu. Injini ya namna hiyo hunywa maji mengi mno. Haiwezi kwenda mbali bila kujazwa tena, kupakiwa kuni na kukaguliwa.

Kwa hiyo mhandisi wa wakati ule alitafuta vitu vitatu:

- maji ya uhakika, yasiyokauka kiangazi;
- ardhi tambarare ya kutosha mabehewa kupishana;
- watu na mizigo ya kubeba.

Morogoro ilikuwa navyo vyote. Stesheni ikajengwa ndani ya mji, mahali ambapo mtu wa sokoni aliweza kufika kwa miguu huku akikokota mkokoteni. Mji nao ukakua kuielekea. Nyumba za wageni, maghala, mama lishe, mafundi baiskeli na wapagazi wote walijipanga kwa kuangalia treni inafika saa ngapi.

Katikati ya Dar es Salaam na Morogoro palikuwa na stesheni ndogo nyingi, kama Kidugalo na Mikese. Treni haikuwa na haraka, hivyo kusimama tena hakukuigharimu sana. Kila kituo kikawa gulio dogo: mahindi ya kuchemsha, mayai, miwa, mikeka, kuku waliofungwa miguu, vyote vikipitia dirishani huku pesa zikirudi kwa njia hiyohiyo.

*Kwa ufupi:* reli ya zamani ilikwenda polepole na ilihitaji maji mara kwa mara. Udhaifu huo wa injini ndio uliozipa miji ya masoko stesheni zilizo karibu, na vituo vingi vya kuuzia.

Mwendo haupendi kona

Sasa tuje kwenye treni ya umeme. Inatembea hadi kilomita 160 kwa saa. Hapo ndipo jibu la kwanza la swali letu lilipo.

Umewahi kupanda daladala inayokata kona kwa kasi? Aliyesimama husukumwa pembeni, akamwangukia jirani yake. Nguvu hiyo ya kusukuma haiongezeki kwa kiasi kilekile mwendo unavyoongezeka. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Ili abiria wasisukumwe zaidi ya kawaida, kona lazima ilegezwe mara nne.

Wahandisi hupima ulegevu wa kona kwa nusu kipenyo. Chukua kona ya reli kama kipande cha duara kubwa: umbali kutoka katikati ya duara hadi kwenye reli ndio nusu kipenyo. Duara likiwa kubwa, kona inakuwa laini. Tazama mfano huu wa hesabu:

- Treni ya kilomita 40 kwa saa ikipita vizuri kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 200,
- treni ya kilomita 80 kwa saa itahitaji mita 800,
- na treni ya kilomita 160 kwa saa itahitaji mita 3,200.

Kona ya mita 3,200 huwezi kuipitisha katikati ya mitaa bila kubomoa nusu ya mji. Reli ya zamani iliweza kujipindapinda, ikakwepa kilima hiki na kupita ukingoni mwa mto ule. Reli ya mwendo mkali hutaka kunyooka. Kilosa, kwa mfano, reli mpya imetobolewa mahandaki manne kwenye milima ili isilazimike kuzunguka kwa kulifuata bonde. Wanaoikumbuka mvua kubwa ya mwishoni mwa mwaka 2009, ambapo mafuriko yaliiharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe na safari zikasimama, wanajua kwamba kulifuata bonde nako kuna gharama yake.

Jibu la pili ni ardhi. Reli ya mwendo mkali huzungushiwa uzio, na barabara huipita kwa juu au kwa chini. Ng'ombe, mtoto au bodaboda akikatiza mbele ya treni ya kilomita 160 kwa saa, dereva hana namna ya kusimama kwa wakati. Kuipitisha njia hiyo mjini maana yake ni kulipa fidia kwa nyumba, maduka, makaburi na misikiti, kisha kuukata mji vipande viwili.

Haina maana kwamba haiwezekani. Dar es Salaam imewezekana: stesheni mpya iko jirani na ya zamani, karibu na Kariakoo. Lakini tazama kilichofanyika. Reli imenyanyuliwa juu ya nguzo za zege kwa zaidi ya kilomita 2 ili ipite bila kugusa barabara za chini. Kwa jiji la mamilioni ya watu gharama hiyo ina hoja. Morogoro stesheni ilijengwa Kihonda, nje kidogo ya kitovu cha mji, mahali ambapo njia iliweza kunyooka bila kuwahamisha watu wengi wa mjini.

Geji tatu, mkoa mmoja

"Basi si wangetumia reli ileile ya zamani, waipitishie umeme tu?" Hili nalo huulizwa sana. Kikwazo kikubwa ni geji.

Geji ni upana kati ya chuma kimoja cha reli na kingine. Reli ya Kati ya zamani ina geji ya milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Reli mpya ina milimita 1,435, upana unaotumika katika nchi nyingi duniani. Ndiyo maana inaitwa reli ya kiwango cha kimataifa, au SGR kama watu wengi wanavyosema. Njia pana huifanya treni itulie zaidi kwenye mwendo mkali na kubeba mzigo mzito zaidi. Behewa la geji moja haliwezi kutembea kwenye geji nyingine.

Mkoa wa Morogoro unayo hata ya tatu. Reli ya TAZARA, inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia, hupita Ifakara na Mlimba ikiwa na geji ya milimita 1,067. Tofauti yake na reli ya mita ni milimita 67 tu, chini ya upana wa kiganja, lakini inatosha kuzuia behewa. Kule Kidatu, tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa linakutana na TAZARA, na mzigo unaovuka lazima uhamishwe kutoka behewa hadi behewa. Likumbuke neno hilo, *kuhamishwa*, maana ndilo litakaloamua hatima ya mfanyabiashara wa soko.

*Kwa ufupi:* stesheni mpya iko nje kwa sababu mwendo unataka njia iliyonyooka, usalama unataka uzio, na geji mpya haiwezi kutumia njia ya zamani. Hakuna aliyeiweka huko ili kuwakomoa watu.

Treni imemfaidisha nani hadi sasa?

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma ikafuata tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Nauli ya kawaida ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilianzia shilingi 13,000. Safari ambayo kwa basi hula saa nne, na zaidi foleni ya Kibaha na Chalinze ikikaza, sasa huisha ndani ya saa mbili hivi.

Kwa abiria haya ni mapinduzi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine anaweza kwenda kumwona mgonjwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na kurudi siku hiyohiyo. Mtumishi mwenye kikao Dodoma halazimiki kulala njiani. Mzee anasafiri amekaa sawasawa, choo kipo, na hakuna kondakta anayemharakisha.

Lakini kila faida ina upande wa pili. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro treni hii ina stesheni nne tu: Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Treni ikipunguza mwendo, ikasimama, kisha ikaanza kuchanganya upya, dakika kadhaa zinapotea kila mara, na vituo vikiwa vingi mwendo mkali unakosa maana. Tena madirisha yake hayafunguki. Mahindi hayapiti, kuku hapiti. Biashara ya dirishani, iliyosomesha watoto wengi kandokando ya Reli ya Kati, haina nafasi kwenye treni hii.

Sisemi tuirudishe. Ninachosema ni kwamba faida iliyokuwa ikija yenyewe kwa sababu treni ilikuwa polepole, sasa inabidi itengenezwe kwa makusudi.

Safari ya tenga la nyanya

Ili kuona kinachokosekana, tulifuate tenga moja la nyanya kutoka Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Tenga ni kapu kubwa la fito lililofunikwa kwa majani na kufungwa kamba. Nyanya za juu ziko salama. Za chini hubeba uzito wa zile za juu.

Leo tenga hilo hupandishwa kwenye lori la Fuso kulekule mlimani. Gari hushuka usiku, likapita Morogoro bila kusimama sana, na kabla ya alfajiri liko kwenye masoko ya Dar es Salaam. Hapo tenga hushushwa. Hesabu: limenyanyuliwa mara moja na kushushwa mara moja. Mikono miwili ya malipo.

Sasa tujaribu kwa treni, tukichukulia kwamba behewa la mizigo lipo. Tenga litapandishwa kwenye gari Mgeta na kushushwa stesheni. Litapandishwa kwenye behewa na kushushwa Dar es Salaam. Litapandishwa kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo, na kushushwa sokoni. Mara sita. Kila mara kuna mpagazi wa kulipwa, kuna kusubiri, na kuna nyanya zinazopondeka. Treni inaweza kuwa na mwendo maradufu ya lori na bado ikashindwa, kwa sababu mwendo unaomhusu mfanyabiashara ni ule wa kutoka shambani hadi kwenye meza ya mnunuzi.

Hapa umbali wa stesheni na soko unageuka kuwa suala la pesa. Stesheni ilipokuwa jirani na soko, kuhamisha mzigo kulikuwa kazi ya mkokoteni. Ikiwa kilomita kadhaa nje, kila gunia linadai gari.

Hata hivyo, treni ina nguvu ambazo lori halina. Usiku, abiria wakiwa wamelala, njia ina nafasi kwa treni ya mizigo. Behewa moja hubeba mzigo wa malori kadhaa. Mazao yakifungwa kwenye kreti za plastiki badala ya matenga, kreti zinaweza kupangwa moja juu ya nyingine bila mazao kupondana, na zikiwekwa kwenye ubao mmoja mkubwa, mashine ndogo huzinyanyua zote kwa pamoja. Ile mikono sita inageuka kuwa miguso michache.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima wa Uluguru atalielewa kabla ya mtu yeyote: mizani. Shambani mazao mengi hununuliwa kwa lumbesa, gunia lililoongezwa kilemba juu hadi likapita ujazo wake, na bei inabaki ileile. Reli haisafirishi mzigo bila kujua uzito wake. Ghala la stesheni lenye mizani mbele ya macho ya mkulima linaweza kumrudishia kilo ambazo amekuwa akizitoa bure kwa miaka.

Kilomita za mwisho ni kazi ya nani?

Shirika la Reli hujenga reli na kuendesha treni. Kipande kati ya stesheni na soko ni cha mji: manispaa, madiwani, wenye daladala, vyama vya ushirika, wafanyabiashara. Kipande hiki hakina uzinduzi wala utepe wa kukatwa, ndiyo maana husahaulika.

Mifano ya kujifunzia ipo karibu. Nairobi, abiria wa treni ya Mombasa wanaweza kuunganisha kati ya Syokimau na stesheni ya zamani ya katikati ya jiji kwa treni ndogo ya reli ya zamani. Dar es Salaam, tangu Oktoba 2012, reli ya zamani imebeba abiria wa mjini kwa ile treni ambayo watu waliipa jina la waziri wa wakati huo, treni ya Mwakyembe. Funzo ni kwamba njia ya zamani haifi kwa kuzaliwa mpya. Inaweza kuwa mlango wake wa kuingilia mjini.

Morogoro ina mtaji wa kuanzia. Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililojengwa upya na kuzinduliwa Februari 2021, ni la ghorofa na lina nafasi ya mamia ya wafanyabiashara. Stendi ya Msamvu hupokea mabasi ya nchi nzima. Soko, stendi na stesheni vikiunganishwa, mji mzima utafanya kazi kama kitu kimoja. Hatua za kwanza hazihitaji mabilioni:

1. Daladala zenye ratiba inayofuata ya treni, zenye nauli iliyoandikwa ubaoni, zikipita stesheni, Msamvu na sokoni.
2. Maegesho rasmi ya bajaji na bodaboda yenye bei elekezi, hasa kwa treni za usiku, ili mgeni asikamuliwe na dereva asifukuzwe.
3. Meza za kudumu kwa wafanyabiashara wadogo ndani ya eneo la stesheni, ili mchele, matunda na viungo vya Uluguru vinunuliwe na abiria kabla ya kupanda.
4. Ghala la kukusanyia mazao lenye mizani, kivuli na kreti za kukodi, likisimamiwa na ushirika wa wakulima wenyewe.
5. Mazungumzo ya mapema na Shirika la Reli kuhusu treni ya mazao ya usiku inayofika Dar es Salaam kabla masoko hayajachangamka.

Mambo ya kukumbuka

- Stesheni ya zamani iko mjini kwa sababu treni ya mvuke ilikwenda polepole na kusimama sana.
- Stesheni mpya iko pembeni kwa sababu mwendo mkali unahitaji kona laini, uzio na njia yake yenyewe.
- Umbali kati ya stesheni na soko hupimwa zaidi kwa mara ambazo mzigo unanyanyuliwa kuliko kwa kilomita.
- Kipande cha mwisho cha safari ni wajibu wa mji, na kikiachwa wazi, faida ya treni huishia kwa wenye masanduku ya safari.

Ukikaa katika mji ambao reli mpya imeufikia, au itaufikia kesho, usiishie kuuliza kwa nini wameiweka huku. Nenda kwenye mkutano wa mtaa, muulize diwani wako maswali matatu: daladala ya kutoka stesheni hadi sokoni inaanza lini, ghala la mazao litajengwa kiwanja gani, na nani atasimamia mizani? Wazee wetu waliikuta reli iliyojengwa kwa faida ya wengine, wakaifanya ilishe nyumba zao. Hii ya sasa imejengwa kwa kodi zetu wenyewe, na mkulima wa Mgeta ana haki ya kuitumia sawa na abiria yeyote aliyekaa dirishani.